Landrova Iliyopigiwa Kura Kuwa Maksai

Wananchi wote wa Babati wanaarifiwa kwamba mgogoro wa Ankara Namba 14 umemalizika kwa amani, kwa kufuata kanuni zote, na kwa majeruhi wachache wa mgongo. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za vikao vyote kumi na kimoja. Nasema bila majivuno: tangu ofisi yetu ianzishwe, hili ndilo jambo la kwanza tulilolimaliza.

Ofisi yetu ni Ofisi ya Uratibu wa Mambo Yaliyokwama. Mwaka huo wa 1984 hatukukosa kazi. Sukari ilikwama, sabuni ilikwama, viberiti vilikwama, na mwezi wa Agosti ikakwama Landrova yetu wenyewe. Ilivunja springi zote nne katika barabara ambayo Mwenyekiti wetu, Bwana Aminiel, alikwisha kuitolea taarifa mwezi Juni kwamba imetengenezwa.

Tuliisukuma hadi gereji ya Mama Damiani, mjane aliyerithi spana za mumewe na kuzitumia vizuri kuliko marehemu. Aliingia chini ya gari, akatoka na mafuta puani.

"Springi hakuna," alisema. "Nchi nzima hakuna. Fenibelti hakuna, gasketi hakuna. Ulizeni Arusha."

"Arusha wamesema tusubiri fedha za kigeni," nikamjibu.

"Zinapita hapa saa ngapi?"

Bwana Aminiel hakupenda utani huo. Alichomoa karatasi, akaandika: *Gari litembee kwa njia yoyote. Ofisi itafidia.* Akasaini. Akagonga muhuri mara mbili, wa pili kwa hasira.

Mama Damiani alijua njia moja tu. Ngozi mbichi ya ng'ombe, ukiizungushia springi iliyovunjika, hukauka ikawa ngumu kama chuma. Yeyote aliyewahi kuteremsha mahindi kutoka Mbulu analijua hilo. Lakini mjini ngozi hazikuwepo. Zote zilikuwa zimekusanywa zikauzwe nje, ili zipatikane fedha za kigeni, za kununulia springi. Basi akachinja mmoja wa maksai wake wawili.

Ngozi ilifunga springi, ikatoa fenibelti, ikatoa gasketi. Mafuta ya maksai yakawa grisi. Manyoya ya mkia yakajaza kiti cha dereva. Pembe ilifungwa dirishani, ikawa honi ya kupuliza kwa mdomo. Kuhusu nyama, ofisi ilituma ujumbe wa watu sita kukagua matengenezo. Nyama ilikaguliwa yote.

Gari likatembea! Lilizunguka ua wa gereji likinukia supu. Kisha Mama Damiani akazima injini, akafunga ufunguo kwenye pindo la kanga, akatukabidhi ankara yake. Ilikuwa na mstari mmoja: *Maksai mmoja, kabla ya mvua.*

"Andika fedha, mama," Mwenyekiti alimwambia.

"Fedha nikanunue nini, Baba Severine? Dukani kuna kaunta na muuzaji, basi. Nina ekari mbili kule Singe, na maksai mmoja havuti plau peke yake. Mvua ikinikuta hivi, mwakani wanangu watakula spana."

Iliundwa Kamati ya wajumbe sita, nami nikiwa Katibu. Tulikaa vikao tisa. Fungu la Matengenezo ya Magari halikuwa na ng'ombe, na Fungu la Mifugo halikuwa na gari. Katika kikao cha kumi Mwenyekiti alisimama, akavua miwani.

"Ndugu wajumbe, gari ni nini?"

Akajijibu mwenyewe:

"Gari ni vile vifaa vyake vinavyofanya kazi. Katibu, hesabu."

Nikahesabu. Vya kiwandani: injini, usukani, breki, tairi, na taa moja. Vitano. Vya maksai: springi, fenibelti, gasketi, grisi, kiti, honi. Sita.

"Sita kwa vitano!" Mwenyekiti alipiga meza. "Huyu ni ng'ombe. Na ng'ombe hatengenezwi gereji. Kwa hiyo ankara ya gereji ni batili."

Tulipiga makofi mpaka chokaa ikadondoka. Ni Elibariki peke yake, Bwana Mifugo wetu, aliyenyoosha mkono.

"Mwenyekiti, niandike dume au jike?"

Tukapiga kura. Tuliafikiana awe maksai, ili wananchi wasije wakauliza habari za maziwa.

Kuanzia siku hiyo Landrova alifutwa katika daftari la magari, akaandikwa katika daftari la mifugo. Elibariki alimchanja, sindano mbili zilivunjika. Kibali chake cha mafuta kilifutwa kwa saini ya Mwenyekiti mwenyewe, akapangiwa madebe mawili ya pumba kwa wiki. Nami nikapeleka barua gereji, nikiwa na leso mfukoni kwa ajili ya machozi ya Mama Damiani.

Aliisoma mara mbili. Hakulia.

"Ni maksai wa ofisi?"

"Ndiyo, mama."

"Na yuko uani kwangu tangu Agosti?"

"Ndiyo."

"Haya, Bernadeta mwanangu. Waambie kesho nakuja kushukuru."

Alikuja kikao cha kumi na moja amevaa kanga safi. Alisalimia kila mjumbe, akauliza habari za watoto, ndipo akasema:

"Wazee wangu, mnajua huku kwetu. Ukiweka ng'ombe kwa mwenzako, akamtunza, maziwa ni ya mwenzako, samadi ni yake. Akiwa maksai, mwenzako analima naye, na mvua ikianza haondoki mpaka shamba liishe. Akigoma, mwenyewe anaitwa aje amhimize. Sasa nimekuja kuwaambia kwamba mvua iko karibu."

"Hizo ni mila," Mwenyekiti alisema. "Ofisi inafuata maandishi. Mnyama aliyewekwa bila maandishi hana masharti."

"Ahaa. Bila maandishi hana masharti." Alilirudia neno hilo taratibu, kama mtu anayebeba bakuli la uji. "Basi na wale saba wako wa Sigino, Baba Severine, walio kwa watu wanne? Niwaambie wanaowatunza? Wale nao hawana maandishi."

Niweke wazi, kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba katika fomu ya mali za viongozi Bwana Aminiel alijaza baiskeli moja na redio moja, mbovu. Ng'ombe wake saba waliishi kwa watu kwa neno la mdomo tu. Wajumbe wengine watano walikuwa wanatazama dari, na kwa jinsi walivyoitazama, nakisia nao walikuwa na ng'ombe wasiopungua ishirini.

"Mila," Mwenyekiti alisema hatimaye, akifuta jasho, "ni nguzo ya taifa."

Azimio la kumwachia Mama Damiani alime na maksai wa ofisi lilipita bila kupingwa.

Mvua ilinyesha Alhamisi. Jumamosi asubuhi tuliitwa Singe: maksai wetu amegoma. Mafuta yaliyokuwemo yalikuwa yameishia ukingoni mwa shamba. Alikuwa amefungwa nira pamoja na Kijivu, maksai aliyebaki. Kijivu alinusa springi za mwenzake kwa muda mrefu, akalia mara moja, akalala chini.

Mwenyekiti alikimbia stoo kuomba mafuta. Alirudi na jibu la maandishi: mnyama huyu hana haki ya mafuta. Saini iliyonukuliwa ilikuwa yake.

"Pumba amekula?" aliuliza.

"Hajagusa tangu asubuhi," Elibariki alisema kwa huzuni ya kitaalamu.

"Basi mhimizeni," alisema Mama Damiani.

Wajumbe sita walivua makoti, wakashika kamba. Walivuta hatua kumi, Landrova akazama. Mama Damiani alimzunguka, akainama, akachungulia kama fundi anayetafuta ubovu.

"Nimeliona tatizo. Mnavuta kitu kizito bure. Plau lenyewe ni jepesi. Mfungueni apumzike."

"Nani?" aliuliza Mwenyekiti.

"Landrova. Na Kijivu pia. Nyinyi mnatosha."

Walipangwa wawili wawili kwa kufuata vyeo. Mimi nilikuwa tayari kuingia, lakini kanuni ziko wazi: Katibu hana kura, na asiye na kura hafungwi nira. Nilitembea pembeni na daftari.

Akina mama wawili wa Mutuka waliokuwa wakienda sokoni walisimama barabarani.

"Shoga, hii ni nini?"

"Viongozi wanalima."

"Yesu! Redioni tulisikia, lakini hatukuamini."

"Kulia, Baba Severine!" Mama Damiani alipaza sauti akiwa ameshika plau. "Kulia, baba! Usile majani ya watu!"

Kufikia saa kumi jioni ekari mbili zilikuwa zimekwisha. Mama Damiani alifungua pindo la kanga, akanipa mimi ufunguo, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa hawezi kukunja vidole. Kisha akaomba kalamu, akaandika chini ya Ankara Namba 14: *Imelipwa. Nilidai maksai mmoja, nimepokea sita. Wa mbele kushoto ni mvivu. Mwakani nitawahitaji hawa hawa, au wa kutoka Sigino.*

Wa mbele kushoto alikuwa Mwenyekiti. Niligonga muhuri.

Jumatatu alfajiri, maksai mwekundu, mnene, alikutwa amefungwa kwenye lango la gereji. Hakuwa na maandishi yoyote.