Mkwe wa Barafu Anunua Ndege

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua kuwa rubani. Sababu ninayo.

Jana, nyumbani kwa baba mkwe, mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, alirusha ndege ya rimoti. Ya betri. Ikazunguka tangi la maji mara mbili, ikatua miguuni pake. Mzee akapiga makofi! Huyu ni mtu aliyefungua na kufunga injini za ndege za abiria kwa miaka thelathini na moja. Hapigi makofi ovyo. Kwenye harusi yangu hakupiga.

Mwanyumba ni tabibu wa meno, na mzee humwita Daktari. Mimi natengeneza majokofu mwaka wa kumi na nne sasa, na huniita "yule wa barafu". Fundi? Hata siku moja. Eti fundi ni mtu aliyegusa injini.

Haya. Nimewaalika wote Jumamosi, uwanja wa mpira nyuma ya karakana yangu, waje waone ndege yangu. Ndege yenyewe sina bado.

Jumanne, 4 Machi

Duka la ndege. Muuzaji ni mama mmoja mwenye miwani mbili, moja usoni, moja kichwani. Akauliza kama nimewahi kurusha. Nikamjibu kwamba moyoni nimerusha mara nyingi.

Akaniletea ya betri. Bawa juu, mwili wa ile sponji ngumu wanayofungia televisheni. Akasema mwanafunzi huanzia hapo: unachomeka betri, unarusha; ikianguka unatia gundi, unarusha tena. Nikamuuliza kama nimekuja kununua ndege au feni.

Ya mafuta ilikuwa ukutani. Mbao nyepesi, rangi nyekundu, injini mdomoni inayoonekana na kila mtu. Inakunywa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Muuzaji akaonya kwamba injini hiyo ina deko, na mbao zake zikianguka hazigundishwi, zinafagiwa. Akaongeza kwamba hata hiyo huwashwa kwa betri, ya kupashia plagi moto. Nikamwambia hata simba huamshwa. Akaanza kuandika risiti. Nadhani maneno yalimwingia.

Nimerudi nayo nimeipakata njia nzima.

Jumatano, 5 Machi

Kuwasha injini, barazani. Kuzungusha propela mara arobaini: kimya. Mara ya arobaini na moja ikanipiga kidole. Mke wangu akapita na beseni, akauliza kama nimefungua sindano ya mafuta, ile skrubu inayoruhusu mafuta kuingia. Nikamwambia haya mambo yana wenyewe. Akapita zake.

Nikafungua sindano. Ikanguruma! Mtaa mzima ulisikia! Shuka zote nne kambani zikapata mafuta ya nyonyo, lakini mlio ule, jamani. Kisha skrubu zikalegea kwa mtikisiko, ekzosi ikadondokea kwenye maji ya sabuni.

Mteja akaniita, friji yake inavuja. Niliporudi, nikakuta ekzosi imerudi mahali pake na skrubu zimefungwa pamoja kwa waya mwembamba uliosokotwa vizuri ajabu. Mke wangu ananawa mikono. Akasema skrubu isiyofungwa kwa waya haina adabu. Utotoni alikuwa akimshikia baba yake spana. Nikaikagua kazi yake na kuipitisha.

Alhamisi, 6 Machi

Kitabu cha maelekezo kina jambo la kutisha. Ndege ikikuacha, kushoto ni kushoto. Ikikurudia, kushoto kwake ni kulia kwako! Wanaoanza wote huangushia hapo. Nimejaribu karakanani, ndege mkono mmoja, rimoti mkono mwingine, najijia mwenyewe. Nimegonga jokofu la mteja.

Mwanyumba kapiga simu. Kajitolea kunifundisha kwa ndege yake ya betri kabla ya Jumamosi. Nimemshukuru kwa upole wa mtu asiyehitaji.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata! Dereva wa lori anarudije nyuma? Kioo! Ndege ikinirudia, naipa mgongo na kuitazama kwenye kioo. Kushoto kunabaki kushoto. Kioo cha pikipiki nimekifunga kwenye ukingo wa kofia. Sijui kwa nini wenye akili hatutangazwi.

Jumamosi, 8 Machi

Wote walikuja. Baba mkwe kwenye kiti, fimbo magotini. Kidole changu kina bandeji, basi nikamruhusu mke wangu awashe. Mara moja tu, ikawaka. Mzee akainua kichwa.

Na ikaruka! Sekunde arobaini, nyekundu, inanguruma. Nikaigeuza. Ikanirudia. Nikaipa mgongo, nikatazama kwenye kioo, kushoto kukawa kushoto. Nilikuwa sahihi!

Kisha jua likaingia kwenye kioo. Sikuona kitu. Nilisikia tu mlingoti wa goli.

Mwanyumba akapiga kelele za bao. Mzee hakucheka. Akatembea taratibu mpaka golini, akainama. Mbao zilikuwa za kufagia kweli, lakini injini ilikuwa nzima, kila skrubu mahali pake. Akaupapasa ule waya kwa kidole gumba. Akauliza nani kaufunga.

"Mimi" lilikuwa tayari ulimini. Miaka kumi na moja ya ndoa nalisubiri lile neno lake, fundi. Nikamwona mke wangu amesimama mikono nyuma, kama mtoto anayesubiri daftari lake lisahihishwe. Nikasema ni binti yako, baba.

Mzee akainuka. Kisha akasema msokoto ule alimfundisha akiwa na miaka tisa, na alipokua akamkataza karakana, eti si pa msichana. Akasema alikosea. Akamwita fundi, mbele ya watu wote. Mke wangu akalia. Na mimi nikalia, kwa sababu ya lile jua.

Jumatatu, 10 Machi

Baba mkwe kafika asubuhi na sanduku lake la vifaa. Yuko barazani na mke wangu, injini katikati yao, wanacheka. Akasema, wewe wa barafu, nipe hiyo bisibisi. Nikampa. Alipokuwa akiipokea, mkono wangu uligusa injini, mbele ya macho yake. Kwa sheria yake mwenyewe, mimi sasa ni fundi. Sijamwambia. Nitamwacha atambue.

Wakanituma dukani nikalete ile ya betri, ili mke wangu ajifunze kwa utaratibu. Nimetafakari sana njiani. Kosa halikuwa ndege. Wala kioo. Kosa lilikuwa kioo kimoja.

Nimerudi na ya mafuta, injini mbili. Kofia ina vioo viwili. Wote nimeshawaalika Jumamosi.