Kishindo na Vita vya Herufi Mbili

Tegeni masikio, enyi mpulizao tarumbeta na enyi mkwaruzao fidla, nanyi msioweza hata kupiga mluzi sogeeni, niwasimulie habari za Kishindo, binti wa darasa la sita, mshika matoazi wa bendi ya shule, mwenye viganja vipana na moyo usiojua kurudi nyuma; jinsi alivyopambana na herufi mbili, zikamwangusha, akainuka.

Siku ya mazoezi, mwalimu wa muziki aliinua kijiti chake mbele ya jeshi lake la watoto ishirini na wawili. Wimbo ulikuwa wa kumbembeleza mtoto mchanga hadi alale, kisha kumwamsha asubuhi kwa shangwe. Filimbi zikanong'ona, fidla zikapumua, na Kishindo, aliyengoja vipimo arobaini vya muziki akivihesabu kwa vidole vya miguu ndani ya viatu, akaona kwenye karatasi yake "pp". Ole wake! Siku maana za alama zilipofundishwa, shujaa wetu alikuwa kitandani na tetekuwanga. Akawaza: p ni piga, basi pp ni piga, piga!

Akapiga. Akapiga tena. Msichana wa filimbi akaruka kitini, na mlinzi wa lango akaja mbio akiuliza ni nini kilichoanguka. Mbele zaidi, palipoandikwa "ff", Kishindo akayagusanisha matoazi kwa upole, akiamini kwamba f ni fifia.

"Ewe mtoto!" mwalimu akanena, miwani ikimshuka puani. "Miaka kumi na tisa nimeongoza bendi. Nimevumilia tarumbeta zenye kikohozi, nimevumilia ngoma iliyopasuka mbele ya wageni. Lakini kumwamsha mtoto tuliyehangaika kumlaza, kisha asubuhi inapofika ukamnyamazia, hilo sijapata kuliona! Jumamosi wazazi wanakuja. Ukirudia, matoazi atashika mwenzako."

Kishindo akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake, fundi cherehani, ambaye ujanani aliimba kwaya. Akamwonyesha zile herufi kwenye karatasi, machozi yakimlengalenga.

"Futa kamasi kwanza, mwanangu," shangazi akasema, sindano mbili zikiwa mdomoni. "Herufi hizo zinasimamia maneno ya Kiitaliano. Piano si kinanda peke yake. Maana yake ni kwa sauti ndogo. P mbili ni pianissimo, ndogo kabisa. Forte ni kwa nguvu. F mbili ni fortissimo, yaani hapo sasa usimhurumie mtu."

Akakanyaga pedali ya cherehani polepole, nguo ikatambaa. "Huu mwendo ni adagio." Akaongeza mguu, cherehani ikavuma. "Huu, allegro. Na sauti ikipanda kidogo kidogo, hiyo ni crescendo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, shangazi. Ila mikono haijaelewa."

Basi akampa vifuniko viwili vya sufuria, na vita vikaanza upya. Siku ya kwanza, jirani alikuja kulalamika. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu alikuja kuuliza kama kuna mgonjwa humu ndani.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulifurika wazazi, na viganja vya Kishindo vikalowa jasho hata kamba za matoazi zikateleza. Kwenye kipimo cha thelathini na moja mtu akapiga chafya, hesabu ikampotea! Akaganda. Akamtazama mwalimu, na mwalimu, bila kusimamisha mkono, akamwangalia, akangoja, akamwashiria kwa nyusi.

Ndipo Kishindo akavuta pumzi, akayakutanisha matoazi ukingo kwa ukingo, kama mtu afungaye mlango wa chumba alimolala mtoto. Ssss. Uzi wa shaba ukapita hewani, ukaisha. Na iandikwe kwa wino usiofutika: ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alasiri. Wimbo ulipofika asubuhi, akayaachia yote aliyoyazuia, madirisha yakatetemeka, na baba mmoja mstari wa mbele akadondosha kofia.

Baada ya makofi, shangazi akamvuta pembeni.

"Pale mwanzo, hivi ulipiga kweli?"

"Nilipiga, shangazi."

"Mbona mimi sikusikia kitu?"

Mwalimu alikuwa akipita nyuma yao na rundo la karatasi za nota. Akasimama.

"Mimi nilisikia," akasema, akaenda zake.

Maneno mawili tu, wasikilizaji wangu. Lakini wapo wafalme waliopiga vita miaka arobaini, wakazikwa kwa mizinga, bila kuambiwa hata hayo.