Uzinduzi wa Lango la Kemia, Pamoja na Waraka Namba Nne

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye hakuweza kufika ila kiti chake kimefika. Mheshimiwa Mwakilishi wa Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye naye ametuma mwakilishi. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi, ambaye nimepata heshima ya kumpa mkono pale mlangoni. Mkuu wa Idara ya Kemia, shemeji yangu kwa upande wa marehemu mke wangu. Wahadhiri wakuu, wahadhiri waandamizi, wahadhiri, wahadhiri wasaidizi, na wale ambao barua zao za kupandishwa cheo ziko mezani kwangu. Mafundi wa maabara. Katibu muhtasi wangu. Ndugu wanafunzi wa shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu. Mabibi na mabwana. Nawasalimu kwa heshima na taadhima, na wale waliokwisha kusimama ili waondoke nawasalimu pia, na kuwasihi waketi.

(Makofi ya safu ya mbele. Nyuma, kiti kinaburutwa.)

Kabla sijasema lolote, naomba radhi kwa kuchelewa. Kadi zenu za mwaliko zilisema saa nne asubuhi, na saa ya ukutani, ambayo naamini iko sawa, inasema saa saba na dakika ishirini. Sababu ni ya kiutaratibu. Kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu, hotuba yoyote ya Kaimu Mkurugenzi wa Rasilimali za Mtandao, mwenye chumba namba kumi na nne, sharti ipitiwe kwanza na Kaimu Mkurugenzi wa Mipango na Ithibati, mwenye chumba namba kumi na tano. Na kama mjuavyo, tangu wenzangu wawili wastaafu, nafasi zote mbili nazikaimu mimi. Hivyo niliiandika hotuba hii chumba namba kumi na nne, nikaipeleka masjala, masjala wakaigonga muhuri na kuniletea chumba namba kumi na tano, nikaisoma kwa makini, nikaona ina aya tatu zisizo na takwimu, nikairudisha. Ilipokuja mara ya pili nilikubaliana nami, ila kwa shingo upande.

(Vicheko.)

Naomba radhi tena. Sikukusudia kuchekesha.

Ndugu wadau, leo tunazindua Lango Jumuishi la Rasilimali za Mtandao na Fursa za Mafunzo kwa Watafiti na Wanafunzi wa Kemia, ambalo baada ya vikao vinne vya kutafuta kifupi chake tumeafikiana kuliita Lango. Ndani ya Lango, mdau ataweza, kwa kubofya mara moja, au mara mbili kama kompyuta yake ni ya zamani, kuyafikia majarida elfu kumi na mbili ya kemia, hifadhidata ya spektra, video za kumfundisha kutumia vifaa ambavyo idara bado haijavipata, webina kila Jumanne, modyuli ya usalama wa kemikali yenye cheti, na ubao wa matangazo ya ufadhili unaojihuisha wenyewe, maana yake ni kwamba tangazo likipitwa na wakati linajiondoa kwa adabu bila kusukumwa. Yote haya yatasimamiwa kwa dashibodi, na dashibodi itasimamiwa na kamati, na kamati ninaisimamia mimi.

(Makofi.)

Mahitaji ya Lango yamepimwa kisayansi. Katika dodoso tulilolisambaza, asilimia tisini na saba ya watafiti walijibu kwamba wanalihitaji, asilimia mbili walijibu kwamba wanalihitaji sana, na ikabidi wachore kisanduku chao wenyewe kwa kuwa hatukukiweka, na mmoja aliandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, "Maji ya bomba yatarudi lini maabara?" Huyo tulimweka katika kundi la wasio na maoni. Kuhusu ubora, nafurahi kuwatangazia kwamba hadi asubuhi ya leo Lango halijapata kukatika hata kwa sekunde moja, halijadukuliwa, na hakuna mtumiaji hata mmoja aliyewahi kulalamika. Sijui mfumo mwingine wowote, ndani au nje, wenye rekodi ya namna hiyo.

(Makofi. Fundi mmoja wa maabara, mzee mfupi ambaye wanafunzi wanamwita Babu Pipeti, anamwambia jirani yake kwa sauti ya kusikika: "Hata mimi sijawahi kugombana na mke nisiyemuoa.")

Nashukuru kwa mchango huo. Sitapenda kujisifu, kwani mapadri walionisomesha walitukataza, na ndiyo maana nitasema kwa ufupi tu kwamba nimehudhuria warsha kumi na saba za ujifunzaji wa kielektroniki, ambazo vyeti vyake vimetundikwa chumba namba kumi na nne, na vilivyokosa nafasi vimetundikwa chumba namba kumi na tano. Na kwamba ni mimi niliyeona mbali, nikatoa Waraka Namba Nne, unaoelekeza kuwa idara isitambue cheti chochote cha mafunzo ya mtandaoni kilichotolewa na tovuti nyingine, hata kama ni ya bure, hata kama ni ya chuo kinachoheshimika, hadi hapo Lango litakapotoa cheti chake. Waraka huo ulilenga kulinda hadhi ya Lango. Una miezi kumi na minne sasa, na hadhi ya Lango haijaguswa na mtu.

(Mwanafunzi wa uzamili, mwenye koti jeupe lenye doa la zambarau mfukoni, anasimama safu ya nne. "Shikamoo mzee.")

Marahaba, binti yangu. Maswali yamepangwa baada ya vinywaji.

("Ndiyo mzee, ila ratiba ilisema vinywaji saa tano. Naomba dakika moja tu.")

Dakika moja nakupa. Nyingine zimeshatumika.

("Mzee, nina chupa arobaini na moja za maji ya visima kwenye friji ya maabara. Natafuta madini ya risasi, na visima vingine viko ndani ya uzio wa shule. Kifaa cha kupimia hapa hatuna. Maabara moja ya nje imenipa wiki nzima ya mafunzo na kifaa chao, ila wanataka cheti cha usalama wa kemikali kilichotambuliwa na idara yangu, kesho Ijumaa, mwisho saa kumi jioni. Kozi ya bure ipo mtandaoni, ni ya saa sita, nikianza leo namaliza leo. Mkuu wa Idara anasema hawezi kusaini kwa sababu ya waraka wako. Sasa naomba tu anwani ya Lango, mzee, niingie nifanye hiyo modyuli. Hata hapa hapa nimekaa.")

(Mkuu wa Idara anakagua viatu vyake.)

Hilo ni swali zuri, na maswali mazuri yana stahili yake. Ofisi yangu inalichukua kwa uzito unaostahili, na nitalijibu katika muktadha mpana wa mpango mkakati wa miaka mitano, ambao awamu yake ya kwanza ni uhamasishaji, ya pili ni ujengaji uwezo wa wahamasishaji, na ya tatu...

("Mzee, anwani tu. Ni mstari mmoja.")

("Mpe binti anwani, Mkurugenzi," anasema Babu Pipeti. "Na kama hiyo kompyuta mliyoifunika kitambaa pale mezani ndiyo Lango, basi ni ile ya mizani yetu. Mliiazima Jumanne ya wiki iliyopita. Mpaka leo tunapima chumvi kwa kukadiria, kama tunaunga mchuzi.")

(Vicheko virefu. Shemeji yake naye anacheka, kisha anajirekebisha.)

Kompyuta hiyo imeazimwa kwa barua, mzee mwenzangu, na itarudishwa kwa barua. Iliwekwa hapo ili utepe upate mahali pa kufungwa. Nawaomba sasa tuingie katika kaulimbiu, kisha shukrani, kisha nitamrudia binti. Mimi nikisema "Kemia", ninyi mtasema "Kiganjani". Kemia.

("Kiganjani," wanajibu wa safu ya mbele.)

Utafiti.

("Kiganjani," anajibu Mwakilishi wa Mwakilishi, peke yake.)

Vizuri. Shukrani zangu za dhati ziwaendee Makamu Mkuu wa Chuo kwa kiti chake. Kamati ya maandalizi kwa utepe, mkasi na maua. Na zaidi ya wote katibu muhtasi wangu, ambaye anapanda jukwaani hivi sasa kuniletea kikaratasi. Masista walionifundisha kusoma walinionya kwamba karatasi uliyopewa mbele za watu kuisoma kimoyomoyo ni utovu wa adabu, na sijapata kulivunja agizo hilo kwa miaka hamsini. Kwa hiyo nakisoma. "Mzee, usimwahidi binti anwani. Hakuna tovuti. Hakuna kitu. Ombi la kuanzisha Lango liko trei yako ya chumba namba kumi na tano, folio ya saba ya jalada. Hukulipitisha. Uliandika Tuzungumze. Usisome hii kwa sauti."

(Katibu muhtasi anafumba macho.)

Namshukuru tena katibu muhtasi, na namwomba radhi kwa mstari wa mwisho, ambao nimeufikia nikiwa nimechelewa.

Ndugu wadau, alichoandika ni kweli, na sasa nakumbuka vizuri. Ombi la kuanzisha Lango nililiandika mimi, chumba namba kumi na nne, kurasa thelathini na mbili pamoja na viambatisho. Lilipofika chumba namba kumi na tano, nililiona ni zuri, ila ni desturi yetu kwamba dokezo zuri halipitishwi siku lilipofika, lisije likaonekana halikusomwa. Basi nikaandika "Tuzungumze", nikaweka saini na tarehe. Masjala wakanirudishia chumba namba kumi na nne. Nikalisoma agizo hilo, nikavaa koti, nikaenda chumba namba kumi na tano kuzungumza. Nilibisha hodi mara mbili. Sikujibiwa. Nikarudi, nikaandika kwenye jalada kwamba mhusika hakupatikana. Nilikwenda tena mwezi uliofuata, na mwezi uliofuata huo. Nakiri mbele yenu kwamba nilianza kumwona mhusika yule kuwa mtu mwenye dharau.

(Hakuna anayecheka isipokuwa Babu Pipeti, naye anaacha.)

Waraka Namba Nne, kwa upande wake, ulitoka siku ile ile, kwa kuwa ulihitaji saini moja tu.

Marehemu mke wangu, aliyefundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja, alikuwa akiniambia mezani, "Baba watoto, wewe hata chumvi unataka kuiomba kwa barua. Si hiyo hapo. Inuka uichukue." Nilikuwa nainuka. Tangu ametutoka, mezani kwangu chumvi iko karibu na sahani, kwa hiyo sijapata tena sababu ya kuinuka, na hakuna anayeniambia. Simlaumu yeyote. Nalitaja hili kwa ajili ya kumbukumbu za mkutano tu.

Binti yangu, hukuniomba Lango. Uliniomba mstari mmoja. Anwani sina, na kwa hilo nakuomba radhi, wewe na chupa zako arobaini na moja na watoto wanaokunywa kwenye visima hivyo. Lakini mstari mmoja ninao, na ninauandika hapa jukwaani, nyuma ya ukurasa wa kumi na tisa wa hotuba hii, kurasa nyingine ishirini na moja zikiwa hazijasomwa, na naona hakuna anayezililia. Unasema hivi: "Waraka Namba Nne umefutwa leo." Katika utumishi wangu wote sijaandika sentensi fupi kuliko hiyo, na mkono umeniuma kidogo. Shemeji, kalamu yako iwe tayari. Cheti chake kikitoka leo, utakisaini kesho kabla ya saa nne, na usimwambie azungumze na mtu. Mzee mwenzangu, kompyuta yako ichukue sasa, na kitambaa nacho, bila barua. Mkasi ubaki, ni wa katibu muhtasi.

(Babu Pipeti anaanza kufungua utepe kwa vidole.)

Limebaki jambo moja la utaratibu, na naomba mnivumilie. Barua hii ya mstari mmoja inatoka kwa Kaimu Mkurugenzi wa Rasilimali za Mtandao na inakwenda kwa Kaimu Mkurugenzi wa Mipango na Ithibati, na haiwezi kuanza kazi mpaka huyo wa pili aisaini mezani kwake. Masjala wamekwenda kula, na wakirudi watataka kuipa namba, kwa hiyo huko haitapita. Ataibeba binti huyu mwenye koti jeupe, kwa mkono wake, hatua kumi na moja kutoka mlango wa kumi na nne hadi wa kumi na tano. Mimi nitatangulia chumba namba kumi na tano nikae kitini, na nimeazimia, mbele ya hadhara hii, kwamba sitaandika "Tuzungumze". Namwomba tu abishe hodi kwa nguvu, na asikate tamaa mapema, kwa maana mhusika wa chumba kile ana sifa ya kutopatikana.