Babu wa Kwenye Kopo la Sabuni

Jumatatu, 4 Mei
Mchoraji wa mtaani kwetu anaandaa maonyesho. Amekuza matangazo ya kale ya makopo ya sabuni: mtu mweusi, midomo kama ndizi mbili, anasuguliwa eti awe mweupe. Matusi matupu! Chini ya kila tangazo ataweka picha ya mtu halisi, ili tuliodhalilishwa turudishiwe sura zetu. Kinyozi wa mtaani kaalikwa kupigwa picha. Kinyozi! Mimi na uso huu nimerukwa.

Jumanne, 5 Mei
Mchongo umejipa. Nimemwambia mchoraji yule wa kwenye kopo ni babu yangu mzaa baba, walimchora akiwa kijana. Nikasindikiza na chozi. Yeye akalia kunishinda. Nimepewa ukuta wa mbele. Kinyozi kasogezwa karibu na choo. Haki ya mtu haipotei!

Alhamisi, 7 Mei
Ufunguzi. Nimesimama chini ya kopo, suti ya kuazima. Wageni wananitazama, wanatazama kopo, wananirudia. Mama mmoja akasema kweli damu nzito kuliko maji, midomo ni ile ile. Ile ile! Nikamwambia hakuna binadamu mwenye midomo ile, ni uongo wa wauza sabuni. Akanipa pole, eti ni uchungu wa babu. Niliumia, sifichi. Kinyozi alicheka mpaka akashika ukuta.

Kumbe alishamwita shangazi yangu! Akaingia, akaniuliza mbele za watu kama lile likatuni ndilo baba yake. Akasema wenye kopo walimtukana bila kumjua, mimi nimemtukana huku nimebeba jina lake. Nilitamani ardhi inimeze. Akatoa mkobani picha ya babu: fundi saa, koti limenyooka, tabasamu la upande. Mchoraji akaibandika juu ya lile likatuni, likafunikwa lote. Jamani, babu alikuwa mzuri!

Ijumaa, 8 Mei
Watu wanapanga foleni kumwona babu. Picha yangu iko mlangoni mwa choo, kinyozi kachukua nafasi yangu. Shangazi kaniapisha nisimsingizie tena baba yake. Nimeapa, machozi ya kweli safari hii. Nimekoma.

Jumamosi, 9 Mei
Mchoraji anahamia makopo ya kahawa. Kuna mtumishi mmoja kapigishwa magoti, kashika sinia.

Nimesoma kiapo changu upya. Kinamhusu babu mzaa baba. Mzaa mama hakutajwa popote.