Kompyuta Yangu Inavujia Kwenu

Shirimatunda, Moshi
14 Machi 2005

Ndugu Meneja wa Kampuni ya Intaneti,

Natumaini u mzima wewe na mitambo yako, hasa ule unaokunywa mali ya nyumbani kwangu.

Mimi ni Mwalimu Eliezeri, mstaafu, na katibu wa mfongo wetu kwa miaka kumi na tisa. Huenda hukulelewa huku: mfongo ni mfereji unaoteremsha maji ya mlimani hadi migombani, kila nyumba kwa zamu yake. Nautaja ili ujue unaandikiwa na mtu aliyekwisha kukamata wezi wa maji wenye akili kuliko ninyi.

1. Kila nikiunganisha intaneti, kidirisha kidogo pembeni mwa kioo huonyesha kinachoingia na kinachotoka. Kinachoingia ni matone. Kinachotoka ni mafuriko, na mimi sijatuma kitu! Nimekaa tu, mikono magotini, natazama nyumba yangu ikihama.

2. Kwa sababu hiyo barua pepe haziingii. Binti yangu Elisifa, muuguzi huko Norwei, alijifungua mtoto wa pili wa kiume wiki tatu zilizopita. Kwetu, wa kwanza hubeba jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, yaani mimi. Alipiga simu mara moja, akasema mtoto ni mzima, mengine ataandika. Mpaka leo sijui kama mjukuu wangu ni Eliezeri au amepewa jina la mchezaji mpira. Na kuuliza siwezi, maana babu kuomba jina ni aibu.

3. Nilimpigia mhudumu wenu Pamela. Aliniambia nizime kompyuta kisha niiwashe. Nilipopiga tena, akaniambia hivyo hivyo. Nampongeza, elimu yake ni rahisi kukumbuka.

Basi nikatafuta mwenyewe, kama tunavyomtafuta mwizi wa maji: unapanda na mfereji, unaziba tawi moja moja, unatazama. Nikafunga muziki, yanatoka. Nikafuta michezo yote ya Lucky, mpwa wa mke wangu, ambaye sasa hanisalimii, yanatoka. Nikasaka virusi asubuhi nzima, nikaua wawili, yanatoka. Programu ya barua pepe sikuigusa, kwa kuwa ndiyo ninayoisubiri iniletee habari. Mwishowe nikachomoa waya wa simu. Yakakatika palepale! Waya huo unaelekea kwenu, kwa hiyo sihitaji shahidi mwingine.

4. Nashuku mnauza hicho kinachotoka kwangu. Wakulima wa mpunga wa Mabogini hutulaumu sisi wa juu kwamba tunameza maji yao. Nilikuwa nawacheka. Sasa nawaomba radhi.

Kwa heshima zote, naomba mniwekee mlinzi kwenye waya. Pili, ufike mwenyewe mbele ya kamati ya mfongo Jumamosi, na debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, ambayo ndiyo faini ya mwizi wa maji, na umimine mwenyewe huku wazee wameketi. Tatu, kama mtoto ameshapewa jina jingine, kampuni ilibadilishe, huko huko Norwei.

Wasalimie wafanyakazi wote, na Pamela pia. Mke wangu Ndelilio anakusalimu, ingawa anasema ningekwenda kupalilia.

Ni mimi, ninayevuja,
Mwalimu Eliezeri
Katibu wa Mfongo

Nyongeza: Ndelilio ameisoma barua hii kabla sijafunga bahasha, akaniuliza kama ile barua pepe niliyomwandikia Elisifa alipojifungua iliondoka. Nimetazama. Haikuondoka. Ilibeba picha kubwa kumi na moja za kurasa za kitabu cha ukoo wetu, jina langu limepigiwa mstari mwekundu, bila neno lolote la kuomba. Wiki tatu imekuwa ikijaribu kutoka, laini inakatika, inaanza upya, nayo imeziba njia ya zinazoingia. Nimeifuta. Barua tatu za Elisifa zikaingia kwa mkupuo. Ya kwanza inasema mtoto ni Eliezeri tangu saa aliyozaliwa. Ya pili inauliza kama nimefurahi. Ya tatu ina maneno matatu: "Baba, mbona kimya?"

Nimelia, sikufichi. Jumamosi njoo tu, Ndugu Meneja. Debe nitaleta mimi.