Sikio na Gari la Mkunga

Kuna watu wanaohangaika mjini kwa kukosa kipaji, na kuna Sikio. Yeye alikuwa na kipaji kimoja tu, cha kuinamia injini ya gari la mtu na kukunja uso. Kwa uso huo alikula, akavaa, na Jumapili akanywa soda baridi mbele za watu kama mtu mwenye mshahara.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu akienda kununua gari lililotumika haendi peke yake, anafuatana na mtu anayejua magari. Mwenye shemeji fundi huenda na shemeji. Asiye na shemeji wa maana alikwenda na Sikio. Basi Sikio alifika na bisibisi lake refu, akagusisha ncha kwenye injini inayonguruma, akaweka sikio kwenye mpini na kufumba macho. Mafundi wa kweli hufanya hivyo na wakaambulia jibu. Sikio aliambulia ngurumo, ileile ambayo ungeisikia wewe ukiwa ng'ambo ya barabara. Akifumbua macho gari lilikuwa zima au bovu kutegemea nani amemtia kitu mfukoni, mnunuzi au muuzaji. Usimwonee gere. Jaribu wewe kukunja uso kwa nusu saa uone mashavu yanavyouma.

Sasa, mwezi huo Sikio alikuwa amechoka. Alikuwa amefikia umri ambao mama yake ameacha kumuuliza ataoa lini na kuanza kumuuliza atahama lini. Alilala chumba cha nyuma kwa mama, pamoja na cherehani mbovu na magunia ya mkaa, na aibu ilikuwa inamla, ingawa usoni hukuiona. Kisha bahati ikamwonyesha jino moja. Mbele ya hoteli ile kubwa ya kilimani palikuwa na nafasi moja ya teksi iliyobaki wazi, na meneja wa hoteli akamwambia bila kuzunguka: "Niletee gari dogo la milango minne, lile ambalo wageni wanalipenda, safi, zima. Jumatatu saa mbili asubuhi. Ukichelewa nampa mwingine."

Mwenye nafasi pale hatafuti abiria, abiria wanamtafuta yeye. Sikio akahesabu akiba yake yote, kwanza taratibu, kisha haraka akitumaini itaongezeka. Haikutosha gari la aina hiyo. Ilitosha nusu yake.

Ndipo kinyozi wa mtaani alipomgongea. "Kaka, twende ukanisikilizie gari. Mkunga mstaafu anauza la kwake."

Walilikuta uani kwa mkunga, jeupe, linang'aa, na moyo wa Sikio ukapiga pa! Lilikuwa aina ileile aliyoitaka meneja, ambayo watu husema ukilitia maji na mafuta litakuzika wewe. Mkunga alilinunua likiwa jipya, akakimbia nalo kwa wazazi karibu miaka ishirini. Nusu ya vijana wa mtaa ule walipokelewa duniani na mtu aliyeshuka kwenye gari lile. Viti vilikuwa na vitambaa vilivyoshonwa na jirani. Milango ilifunga kwa adabu. Lile lilikuwa gari la kilimani, Sikio alilijua hapohapo, na aliyeegemea boneti yake akitabasamu alikuwa kinyozi.

"Mama, unaliuzia nini?" kinyozi akauliza.

"Tumechokana, mwanangu," mkunga akasema. Alikuwa mwanamke mpana, mtulivu, wa kuongea polepole. "Bei ameiandika mkwe wangu, lakini kabla ya bei kuna jambo nataka..."

"Mama, samahani," Sikio akamkatiza, bisibisi mkononi. "Naomba kimya kidogo. Nasikiliza."

Akasikiliza. Uso ukaanza kukunjamana kuanzia kwenye paji, ukashuka, ukafika kidevuni. Kinyozi akaacha kutabasamu.

"Giaboksi," Sikio akasema.

"Ina nini?"

"Inaaga."

Mkunga akafungua mdomo. Sikio akamwinulia kiganja kwa upole mkubwa. "Mama, usijisumbue kuitetea. Mwenye gari huwa hasikii. Ameshazoea, kama mke wa mtu anayekoroma."

Mkunga akamtazama, akafunga mdomo.

"Basi ngoja nilipeleke barabara kuu, nilikimbize kidogo nione," kinyozi akasema. Hapo Sikio alitokwa na jasho, maana gari zuri namna ile likikimbizwa barabara kuu lingemuumbua mbele ya watu. "Barabara kuu? Likikufia huko nani atalivuta? Wewe? Zunguka nalo hapo kwenye kona, urudi."

Kinyozi akaenda hadi kwenye kona akarudi, na mtu aliyeshatiwa hofu hahitaji msaada zaidi. "Kweli bwana," akasema akishuka. "Kuna kitu kinalialia." Akamlipa Sikio chai yake, akamshukuru kwa kumwokoa, akaenda zake.

Wa pili alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kujumlisha kila kitu mpaka hatua za kwenda dukani. Sikio alimpata kwa njia rahisi: alikaa kwenye kibaraza cha duka lililotazamana na geti la mkunga, bisibisi magotini, mpaka mwalimu akaja kuuliza njia ya kwa mkunga. Safari hii giaboksi peke yake haikumtosha. Akasikiliza na upande wa pili wa injini.

"Rejeta nayo imeoza kwa ndani. Na miguu ya mbele, mwalimu, hii miguu inatembea kwa huruma ya Mungu."

"Kutengeneza vyote itakuwa kama kiasi gani?"

"Mwalimu, ubao wako hautoshi."

"Mwanangu," mkunga akasema kutoka kwenye kiti chake, "hilo la giaboksi, mimi nilikuwa..."

"Mama, pole. Najua inauma."

"Mh," mkunga akasema, akaendelea kuchambua mchele. Mwalimu naye akaomba barabara kuu, akaonyeshwa kona, akaenda, akarudi ameridhika kwamba hajaridhika. Akamlipa Sikio vizuri kuliko kinyozi. Angalia basi uadilifu wa dunia: watu wawili walilipa wasinunue gari, na wote wawili waliondoka wakimwombea dua aliyewalipisha.

Ijumaa Sikio akaja peke yake. Alikuwa amebeba mkate chini ya kwapa na uso wa mtu anayetoka mazikoni.

"Mama, sijalala. Nimekufikiria wewe na hili gari. Wanunuzi watakuja na kuondoka, nawe utabaki nalo mpaka liote nyasi. Mimi nina moyo mwepisi. Nitalichukua mwenyewe, nilifungue, niuze vipuri kimoja kimoja. Nakupa nusu ya ile bei ya mkwe wako."

Mkunga aliacha mchele. "Nusu?"

"Wengine ningewapa robo. Nusu ni kwa sababu ni wewe."

Kimya kikapita. Sikio alijua kimya cha aina ile. Ni kimya cha samaki anayeinusa ndoana, na ukikohoa umemkosa. Hakukohoa.

"Sawa," mkunga akasema. "Ila mimi, mwanangu, sitaki lawama. Uzee na lawama havikai nyumba moja kwangu. Nitawaita majirani, na wewe mwenyewe useme mbele yao gari lina nini. Usifiche."

Je, unaweza kumwomba jogoo awike akakataa? Wakaja mshonaji wa nyumba ya pili, yule wa vitambaa vya viti, na mumewe, mzee aliyestaafu posta. Sikio akapanda juu ya ukingo wa bustani ili aonekane vizuri. Akaitaja giaboksi. Akaitaja rejeta, akaitaja miguu ya mbele. Akaona wasikilizaji wake wanatikisa kichwa kwa heshima, naye akanogewa, kama ilivyo kwa wasemaji wote wazuri, akaongeza la kwake la papo kwa papo.

"Na niwaambie kitu kingine, wazee wangu. Gari hili likiwa baridi litakudanganya. Litakwenda vizuri kabisa. Lakini likipata moto, hata kurudi nyuma litakataa."

Mshonaji akamgeukia mkunga. Mkunga akawa anaangalia vidole vyake.

"Na pamoja na hayo yote unalitaka?" mzee wa posta akauliza.

"Nalitaka hivyohivyo, mzee wangu, na ubovu wake wote."

"Tumesikia," mzee akasema, mkewe naye akasema wamesikia. Pesa zikahesabiwa. Sikio aliliendesha mpaka kwa mama yake, dakika chache tu, akaliosha Jumamosi, akaliosha tena Jumapili. Mama yake alitoka akaligusa boneti kwa ncha za vidole, akamwita mwanawe kwa jina lake halisi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Sikio aligeuka akajifanya anasugua kioo, maana machozi yalikuwa yamemlenga.

Jumatatu akapanda kilima. Foleni ilikuwa ndefu, malori mbele, malori nyuma, simama, nenda, simama. Gari lilipanda bila kulalamika ila mwishoni lilianza kutoa mlio mwembamba ambao Sikio aliuchukulia kuwa ni wa lori. Saa mbili kasorobo alikuwa mbele ya hoteli. Meneja alitoka, akalizunguka gari, akafungua mlango na kuufunga, akatabasamu.

"Safi sana. Nafasi yako ile pale. Ingia kinyumenyume, wageni wapande kirahisi."

Sikio akaweka gia ya kurudi nyuma, akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma. Gari halikusogea. Akatoa, akaweka tena. Akakanyaga zaidi. Nyuma yake basi la wageni lilikuwa limesimama, dereva wake akaanza kupiga honi.

"Vipi?" meneja akauliza.

"Linapumua, bosi. Safari ilikuwa ndefu."

"Lirudishe."

"Linarudi sasa hivi."

Halikurudi. Walinzi wawili wakalisukuma pembeni huku wageni wakiangalia kupitia madirisha ya basi, na kabla injini haijapoa nafasi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine mwenye gari la aina ileile, la rangi ya kijivu, lililorudi nyuma kwa madaha yote.

Chini ya kilima kulikuwa na gereji. Fundi alitoka akijifuta mikono, akasema kabla hajafika, "Giaboksi."

"Hujaweka hata bisibisi," Sikio akasema kwa sauti ya kinyonge.

"Bisibisi la nini? Nimelisikia likipita kwenda juu. Na hii haikuanza leo, hii ina mwaka mzima." Akainama, akachungulia mbele. "Rejeta nayo inavuja. Miguu hii, kaka, uliipandia mlima?"

"Nikitengeneza vyote?"

"Utanunua gari hili mara ya pili. Halafu utanunua mara ya tatu, maana likishazeeka hivi hutengenezi ukamaliza, unauguza."

Sikio hakumsikiliza zaidi. Kwenda mbele gari lilikuwa bado linakwenda, basi akalielekeza mbele, mpaka kwa mkunga, akaliingiza uani mwake kwa hasira na kusimama mita moja kutoka kwenye kibaraza. Mkunga alikuwa anakunywa chai na mshonaji.

"Mama, nirudishie pesa zangu. Gari ni bovu."

Mkunga akaweka kikombe. "Lina nini, mwanangu?"

"Giaboksi imekufa!"

"Si ulisema?"

"Rejeta inavuja!"

"Hiyo nayo aliitaja," mshonaji akasema. "Na miguu ya mbele. Mume wangu mpaka leo anasimulia ulivyoipanga."

Sikio akashusha sauti. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Nimeliendesha karibu miaka ishirini, nisijue? Fundi aliniambia mwaka jana. Mimi siwezi kuwauzia watu kitu kibovu kimyakimya, nimezalisha mama zao. Kila mnunuzi nilitaka kumwambia. Lakini nikifungua mdomo, wewe umeshasema, na unasema vizuri kuliko mimi." Akamtazama kwa upendo wa kweli kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza Sikio kuliko yote. "Nilikuwa nimepanga nikishasema ukweli niliache kwa robo. Ukaja wewe, unajua ubovu wake wote, ukanipa nusu. Usiku ule nilikuombea, mwanangu. Nikasema, kumbe vijana waaminifu bado wapo."

Sikio akafikiria kuliuza. Akamfikiria kinyozi, akamfikiria mwalimu, akawafikiria majirani ambao tangu Ijumaa walikuwa wanasimulia hotuba yake mtaa kwa mtaa. Hapakuwa na mtu mjini ambaye hakujua gari lile lina nini, na wote walijua kutoka kinywani mwake. Akaketi kwenye ngazi. Mkunga akammiminia chai, akamsogezea na mkate.

Sikio alipomaliza chai, mkunga akajipangusa mapajani na kusimama. "Sasa naomba ulitoe hapo, baba. Mkwe wangu anakuja na wageni na umeniziba."

"Mama," Sikio akasema, "halirudi nyuma."

"Najua. Ndiyo maana nilikuwa nazunguka nalo uani kwanza, naliegesha likiangalia barabara." Akamwita mzee wa posta, akamwinua na mkewe kwenye chai, akawapanga mbele ya boneti, mmoja kulia, mmoja kushoto. Sikio akaingia nyuma ya usukani. Mkunga akasimama pembeni, mkono mmoja kiunoni, sauti ikatoka ileile iliyotulia aliyoitumia kazini miaka yake yote.

"Haya. Vuta pumzi. Sasa sukuma. Sukuma. Pumzika kidogo. Usiogope, mwanangu, kinatoka."