Maprofesa Kibandani Kwangu

Novemba 10, Jumatatu
Na kilichonichoma zaidi ni kwamba alicheka! Mramba, askari wa kaunti, kasimama mbele ya kibanda changu cha chai hapa Garsen, kasema Alhamisi kinavunjwa. Kibanda alichonijengea Reuben wangu kwa mikono yake, zawadi ya harusi! Nimekasirika mpaka maandazi yakaungua.

Jirani yangu Kadra, muuza maziwa ya ngamia, ameanza kuhamisha madumu. Mwoga. Eti sote tulipewa notisi wiki tatu zilizopita. Sikumbuki. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nakumbuka jina la Reuben tu. Hata barua niliyomwandikia ameibandika ukutani, wateja waone anavyopendwa.

Novemba 12, Jumatano
Mungu hamtupi mja wake! Maprofesa wawili wa sheria kutoka Malindi wamekuja ukumbini kutueleza hukumu mpya za Mahakama Kuu. Profesa Hodan kasema serikali haiwezi tena kumbomolea mtu bila notisi ya maandishi ya siku ishirini na moja. Nilipiga makofi peke yangu. Profesa Iha kasema tusishangilie mapema, serikali imekata rufaa. Hodan kamwuliza kama njaa nayo ingoje rufaa. Saa nzima wanabishana!

Nimewaalika wote wawili chai kesho. Mramba atavunja vipi mbele ya sheria yenyewe? Reuben ameniita wakili wake. Jamani, mume huyu!

Novemba 13, Alhamisi
Hasira ya kutafuna kikombe. Mramba kaja na watu wanne na nyundo. Hodan kamwuliza notisi iko wapi. Kajibu kwamba mwenye kibanda anayo. Nikaapa mbele ya wote sijawahi kuiona. Hodan akanitetea vizuri mno, hata Iha akaafiki. Ndipo Kadra akachungulia dirishani.

“Bi harusi, hebu geuza hiyo barua yako ya mapenzi.”

Nyuma ya “Reuben, pumzi yangu”: muhuri wa kaunti, jina langu, tarehe. Siku ishirini na tatu zimepita.

“Hukumu imefuatwa, mama,” Iha akasema. Hodan akainama, akanywa chai. Jana saa nzima wanapingana, leo ndiyo wanapatana! Kibanda kimelala chini kabla vikombe havijapoa.

Novemba 16, Jumapili
Bado nachemka. Kosa lote ni la Kadra na mdomo wake. Reuben aliokoa mabati na barua. Anasema imekuwa tamu zaidi, ina muhuri.

Nimemwandikia Profesa Hodan tukate rufaa. Karatasi nimepata nzuri, ngumu, aliileta Mramba jana. Upande mmoja mtupu kabisa. Kadra kanisihi niisome kwanza, eti ni fomu ya nafasi katika soko jipya, mwisho Ijumaa. Wivu tu. Imeshapanda basi la Malindi.

Chini nimemalizia kwa mwandiko wa kupendeza: mimi na Reuben tutafika ofisini kwako kabla mwezi huu haujaisha.